BIBI FATMA (R.A.) NA KAZI ZA NYUMBANI KWAKE

   

Wanafunzi wetu wapenzi, na wazee wetu mnaosoma jarida hili pamoja na watoto wenu, ukimwuliza mtoto yeyote wa madrasa Bibi Fatma (R.A.) ni nani, atakujibu haraka kwamba ni binti wa Mtume (S.A.W.), ni mke wa Sayyidna Ali (R.A.), na ni mama wa Hasan na Husein (R.A.). Majibu hayo ni sahihi na tunayafundisha tangu darasa la kwanza. Lakini ukimwuliza mtoto huyo huyo Bibi Fatma alikuwa akishughulika na nini tangu anapoamka alfajiri mpaka anapolala, wengi hunyamaza. Kwa hiyo safari hii napenda tubishe hodi nyumbani kwake kwa adabu, tutazame jiwe lake la kusagia, kiriba chake cha maji na ufagio wake. Wafalme wa zama zile waliandikiwa habari za majumba na hazina za mabinti zao. Binti wa Mtume wetu amehifadhiwa katika vitabu vya hadithi pamoja na jiwe lake la kusagia.

Bibi Fatma alizaliwa Makka. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu mwaka. Wanahistoria wengi wa Kisunni wametaja kwamba ilikuwa kiasi cha miaka mitano kabla ya Utume, wakati Makuraishi walipokuwa wakiijenga upya Al-Kaaba, na wako waliosema ni baada ya Utume. Alikuwa mdogo katika mabinti wanne wa Mtume na Bibi Khadija (R.A.), na dada zake walikuwa Zainab, Ruqayya na Ummu Kulthum.

Utoto wake haukuwa wa raha. Alikuwamo katika ile miaka ambayo Makuraishi waliwasusia Bani Hashim, hawauziani nao chakula wala hawaozani nao, na jamaa wote wakajifungia katika bonde la Abu Talib kwa muda wa karibu miaka mitatu. Haukupita muda tangu watoke humo, mama yake Bibi Khadija akafariki, kiasi cha miaka mitatu kabla ya Hijra. Dada zake wakubwa walikuwa wameshaolewa au karibu na kuolewa, na Fatma akabaki karibu na baba yake.

Kisa cha kwanza tunachopokea kuhusu mikono yake ni cha usafi. Mtume (S.A.W.) alikuwa amesujudu mbele ya Al-Kaaba, na Uqba bin Abi Muait, kwa kuchochewa na wenzake, akaleta matumbo ya ngamia aliyechinjwa akamtupia mabegani. Makuraishi wakacheka mpaka wakaegemeana. Abdullah bin Mas'ud (R.A.) alikuwapo na aliona, lakini hakuwa na ukoo wa kumkinga pale Makka, akashindwa kufanya kitu. Fatma, naye ni kijana mdogo wa kike, alipopata habari alikuja mbio, akauondoa uchafu ule juu ya mgongo wa baba yake kwa mikono yake, kisha akawageukia wale wazee wa Kikuraishi akawaambia maneno makali usoni mwao. Imepokewa pia kwamba baada ya kufa Abu Talib, mpumbavu mmoja alimmwagia Mtume mchanga kichwani, na mmoja wa mabinti zake akawa anamwosha huku analia, na baba akimliwaza. Kuna mapokezi kwamba Bibi Fatma aliitwa Ummu Abiha, yaani mama wa baba yake. Mwenye kuvifikiri visa hivi hataona ajabu kwa jina hilo.

Na yeye mwenyewe aliyaona mengi kwa baba yake. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa baadaye Mtume alikuwa akifanya nini akiwa nyumbani, akaeleza kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ukifika hutoka kwenda kusali. Katika mapokezi mengine ametaja kwamba alikuwa akishona nguo yake, akitengeneza viatu vyake na kukama mbuzi wake. Basi Fatma hakulelewa katika nyumba ambayo kazi ni aibu ya mtu fulani. Alilelewa na baba ambaye wahyi unamshukia na bado anatia kiraka kiatu chake mwenyewe. Naomba wavulana wa madrasa yetu waisome sentensi hiyo mara mbili, hasa wale ambao siku ya Alhamisi, tukishaleta ndoo na mafagio, ghafla hukumbuka kwamba wametumwa dukani.

Baada ya Hijra, katika mwaka wa 2 wa Hijra (624), Sayyidna Ali akamposa. Alikuwa kijana asiye na mali. Mtume alipomwuliza ana nini cha kutoa mahari, hakuwa na kitu, akakumbushwa deraya yake ya vitani, na hiyo ndiyo iliyokuwa mahari ya bibi mbora kuliko wote wa umma huu. Na vyombo alivyokwenda navyo kwa mumewe? Wapokezi wametaja guo nene lenye manyoya, kiriba cha maji, na mto wa ngozi uliojazwa idhkhir, ambayo ni nyasi yenye harufu nzuri inayoota huko Hijazi. Mapokezi mengine yanaongeza mawe mawili ya kusagia na mitungi miwili. Kwisha. Leo tunaona harusi ambazo vyombo hupakiwa kwenye gari mbili na bado mashangazi hununa kwamba havitoshi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa mbali kidogo, na Mtume alitamani binti yake awe karibu naye. Imepokewa kwamba Sahaba mmoja katika Ansari, Haritha bin Nuuman (R.A.), alipopata habari hiyo alikwenda mwenyewe kumpa Mtume nyumba katika nyumba zake zilizokuwa jirani na Msikiti, na Fatma akahamia hapo. Kwa hiyo baba na binti wakawa majirani. Nyumba ilikuwa ndogo. Sayyidna Ali alisimulia baadaye kwamba usiku ule walipokutana yeye na mkewe hawakuwa na tandiko isipokuwa ngozi ya kondoo.

Sasa tuingie ndani. Chakula chao kikubwa kilikuwa shayiri na tende. Shayiri haikuwa ikinunuliwa ikiwa unga. Mwanamke hukaa chini, jiwe moja likiwa limelala na la pili juu yake, hutia punje katika tundu la katikati, kisha hulizungusha jiwe la juu kwa mkono. Punje hupasuka kidogo kidogo na unga hutoka pembeni. Mkate wa watu wawili ni kazi ya muda mrefu, na mkono unaozungusha ni ule ule kila siku. Halafu hata chekeche hawakuwa nalo. Sahl bin Saad (R.A.) ameeleza kwamba zama za Mtume walikuwa wakiusaga shayiri, wakaupuliza ili makapi yaruke, na yaliyobaki wakayakanda. Bibi zetu waliokulia kwenye kinu na ungo watafahamu vizuri zaidi kuliko mimi ninayepeleka mahindi mashineni. Maji nayo hayakuwa ndani. Huendewa kisimani na kiriba cha ngozi, kikajazwa, na ukanda wake ukabebwa juu ya kifua na mabega. Kisha kulikuwa na kufagia sakafu ya udongo, na kukoka moto chini ya chungu.

Je, haya yote aliyafanya peke yake? Hapana, na jambo hili husahauliwa mno. Sayyidna Ali alikuwa na mama yake, Bibi Fatma binti Asad (R.A.), na imepokewa kwamba aliwapangia kazi: mama yake asaidie kazi za nje kama kuteka maji na kwenda kwenye haja, na Fatma binti Muhammad afanye za ndani kama kusaga na kukanda. Mtazame mama mkwe huyo! Hakukaa juu ya jamvi akamhesabia mkwe wake makosa. Huyu ndiye bibi aliyekuwa amemlea Mtume mwenyewe alipokuwa yatima katika nyumba ya Abu Talib, na utu uzima wake wote aliubeba mpaka kisimani. Na Ali naye alikuwa akifanya kazi ya vibarua. Amesimulia kwamba siku moja kwa njaa alitoka akamkuta Myahudi katika shamba lake, wakapatana amtekee maji, kila ndoo moja kwa tende moja, naye akavuta ndoo mpaka alipojaa kiganja. Kwa hiyo mikono ya nyumba ile yote ilikuwa na sugu, ya mume na ya mke.

Kuna siku moja mikono hiyo miwili ilifanya kazi pamoja mbele ya watu. Ilikuwa Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625). Mtume (S.A.W.) alijeruhiwa usoni, jino lake likavunjika na kofia yake ya chuma ikapondeka kichwani. Vita vilipotulia, Ali alileta maji ndani ya ngao yake akawa anayamimina, na Fatma akawa anaosha damu. Lakini alipoona kwamba maji yanaizidisha damu badala ya kuikata, alichukua kipande cha mkeka, akakichoma mpaka kikawa jivu, akalibandika jivu lile kwenye jeraha na damu ikasimama. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari, na kila ninapoisomesha hufurahi kuona wanafunzi wanavyoinuka vichwa wakisikia neno mkeka. Masahaba mashujaa walikuwapo pale. Lakini lililofaa saa ile lilikuwa jambo la mtu aliyezoea moto na majivu ya jikoni, na mumewe aliyekubali kuwa mshika maji.

Ramadhani ya mwaka huo wa 3 alizaliwa Hasan, na mwaka uliofuata, wa 4, akazaliwa Husein. Baadaye wakaja Zainab na Ummu Kulthum. Mwenye watoto wadogo wawili waliopishana mwaka mmoja hahitaji kuelezwa kazi iliongezeka kiasi gani.

Sasa nafika kwenye kisa ambacho ndicho hasa kilichonifanya niandike. Ali aliitazama mikono ya mkewe ikiwa na alama za jiwe, alama ya kiriba juu ya kifua chake, na nguo zake zilizoingia vumbi la ufagio na moshi wa chungu. Ikawa Mtume amepata mateka, na Ali akamshauri Fatma aende kwa baba yake akaombe mtumishi. Akaenda. Mapokezi yanaeleza kwamba hakumpata baba yake kwa mazungumzo, na kwamba aliona haya, basi akamwachia Bibi Aisha habari ile akarudi. Nataka mwangalie vizuri: Fatma aliomba. Hakuona dhambi kusema amechoka. Wala Ali hakumwambia kwamba mama yake na bibi yake walisaga bila kulalamika. Yeye ndiye aliyeona, na yeye ndiye aliyemtuma.

Usiku ule, nao wameshalala, Mtume akaja. Wakataka kuinuka, akawaambia wabaki walipo. Akakaa kati yao wawili, hata Ali akasikia baridi ya miguu ya Mtume kifuani pake. Nimesoma hadithi hii tangu nikiwa mwanafunzi, na hiyo baridi ya miguu ndiyo inayonikaa. Baba ametembea usiku kuja kwa binti yake, na mkwe anakumbuka miaka mingi baadaye kwamba miguu ilikuwa ya baridi. Kisha akawafundisha kitu alichowaambia ni bora kwao kuliko mtumishi waliyemwomba: wanapokwenda kulala waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, ambazo jumla ni 100. Katika mapokezi mengine alieleza sababu ya kutowapa: kwamba hawezi kuwapa wao na kuwaacha Ahlus-Suffa, mafakiri waliokuwa wakiishi Msikitini, matumbo yao yakijikunja kwa njaa. Aliona atumie thamani ya mateka wale kuwalisha.

Kuna watu wanaokifanya kisa hiki kuwa fimbo. Mke akisema mgongo unamuuma, mume aliyekaa anasubiri chai humkumbusha jiwe la Bibi Fatma. Mtu kama huyo amesoma nusu. Wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba kupika, kusaga na kufagia si wajibu wa kisheria juu ya mke, bali ni ihsani yake na ada njema, na wako wanazuoni wengine walioona ni wajibu kwa mujibu wa ada ya watu. Hitilafu hiyo ipo na ina heshima yake. Lakini hakuna kati yao aliyesema mume akae tu. Mtume hakumtuma mtu aende kumwambia Fatma avumilie. Alikwenda mwenyewe, na alichowapa aliwapa wote wawili, mume na mke, ili kila usiku baada ya kazi ya mchana wawe na jambo moja la kufanya pamoja kabla ya usingizi. Mimi naona hapo ndipo utamu wa nyumba ile ulipokuwa. Jiwe lilibaki zito vile vile asubuhi yake.

Na ziko siku ambazo nyumba hii ilikuwa na furaha ya wazi kabisa. Imepokewa na Abu Daud, kutoka kwa Sahl bin Saad, kwamba siku moja Ali aliingia nyumbani akawakuta Hasan na Husein wanalia. Akauliza kulikoni, Fatma akamwambia ni njaa. Ali akatoka, na sokoni akaokota dinari. Akarudi kumwambia mkewe kwanza, na Fatma akamwelekeza aende kwa Myahudi fulani akachukue unga. Yule Myahudi alipomjua kuwa ni mkwe wa Mtume, alimpa unga na kumrudishia dinari yake. Akarudi tena kumweleza Fatma, naye akamtuma kwa mchinjaji fulani achukue nyama ya dirhamu moja. Ali akaiweka dinari rehani kwa ile dirhamu, akaja na nyama. Fatma akakanda, akateleka chungu, akaoka mkate. Na chakula kilipokuwa tayari, kabla mtu hajala, akatuma kumwita baba yake.

Mtume alipokuja, Fatma alimweleza mambo yote tangu mwanzo mpaka mwisho, na akamwambia kwamba akiona ni halali watakula naye ale pamoja nao. Akawaruhusu wale kwa jina la Mwenyezi Mungu, wakala. Wakiwa bado wamekaa hapo, akasikika kijana nje anamtafuta aliyeona dinari yake, anaapiza kwa Mwenyezi Mungu na kwa Uislamu. Mtume akaamuru aitwe, akamwuliza, na kijana akasema imemwanguka sokoni. Basi Ali akatumwa kwa mchinjaji airudishe dinari, na ile dirhamu ya nyama Mtume akasema iko juu yake yeye. Kijana akapewa dinari yake.

Angalieni mizunguko ya Sayyidna Ali siku ile. Shujaa wa Badr ametumwa unga, amerudi, ametumwa nyama, amerudi, na mwisho ametumwa kurudisha dinari. Ni nani kati yetu wanaume anayetumwa na mkewe mara mbili bila kukunja uso? Na Fatma, mwenye watoto waliokuwa wanalia kwa njaa, aliona chakula hakijakamilika mpaka baba yake awe amekaa. Walikula watu wa vizazi vitatu kutoka chungu kimoja, nyama ya dirhamu moja.

Si kwamba walikuwa malaika wasiogombana. Siku moja Mtume alikuja hapo nyumbani asimkute Ali. Akamwuliza Fatma yuko wapi mwana wa ami yake. Fatma akasema kulitokea jambo kati yao, akaudhika naye akatoka bila kulala usingizi wa mchana kwake. Mtume hakumwuliza ni jambo gani wala nani mwenye makosa. Alituma mtu amtafute, akaambiwa amelala Msikitini. Akamwendea mwenyewe, akamkuta shuka limemwanguka ubavuni na mchanga umemshika mwilini, akawa anaupangusa mchanga ule huku akimwita Abu Turab, baba wa mchanga, na kumwambia ainuke. Sayyidna Ali hakuwa na jina alilolipenda kuliko hilo. Wakwe waliopo miongoni mwa wasomaji wetu, mlango huu ni wenu.

Siku nyingine Mtume alifika mlangoni kwa Fatma akaona pazia lenye mapambo, akageuka hakuingia. Ali alipokuja, Fatma alimweleza, akaenda kuuliza. Jibu likawa kwamba yeye Mtume hana haja na mapambo ya dunia, na Fatma alipotaka kujua afanye nini, akaelekezwa alipeleke kwa watu fulani waliokuwa na haja nalo. Akalitoa. Nadhani lilimpendeza, kwani alilitundika. Lakini alitaka zaidi baba yake aendelee kuingia mlangoni pake.

Na kuingia kwake kulikuwa na adabu tunayoipokea kwa Bibi Aisha. Fatma alipomjia Mtume, Mtume alimwinukia, akamshika mkono, akambusu na kumkalisha mahali pake. Na Mtume alipomwendea Fatma, yeye naye alimwinukia, akamshika mkono, akambusu na kumkalisha mahali pake. Ule mkono uliokuwa ukishikwa ndio huo huo wenye alama za jiwe.

Katika mwaka wa 11 wa Hijra (632) Mtume akaugua ugonjwa wa mwisho. Fatma akaja, mwendo wake ukifanana na mwendo wa baba yake. Mtume akamkaribisha, akamnong'oneza jambo, Fatma akalia sana. Akamnong'oneza tena, akacheka. Bibi Aisha alimwuliza, akakataa kuitoa siri ya Mtume. Baada ya Mtume kufariki ndipo alipoeleza kwamba kwanza alimwambia kuwa ajali yake imekaribia, na kisha akambashiria kuwa yeye ni bibi wa wanawake wa waumini, na katika mapokezi mengine, kwamba atakuwa wa kwanza kumfuata katika watu wa nyumba yake.

Na ndivyo ilivyokuwa. Aliishi miezi sita tu baada ya baba yake, akafariki katika mwezi wa Ramadhani, mwaka huo huo wa 11. Hakufika miaka 30 kwa kauli zilizo mashuhuri. Hasan alikuwa na miaka kama minane, Husein saba, na wale mabinti wawili wadogo zaidi. Imepokewa kwamba aliyemwosha, pamoja na Ali, ni Asma binti Umais (R.A.), ambaye alikaa miaka mingi Uhabeshi, na kwamba Fatma kabla ya kufa aliona haya kubebwa akiwa amefunikwa nguo tu inayoonyesha umbo. Asma akamweleza alichokiona Uhabeshi, akapinda matawi ya mtende juu ya jeneza na kutandika nguo juu yake, na Fatma akapendezewa. Akazikwa usiku, na Ali ndiye aliyemzika.

Baadaye Sayyidna Ali akawa Khalifa, akahamia Kufa, na fitna zikaingia. Siku moja aliwahadithia watu habari ya jiwe, ya kiriba, na ya usiku ule Mtume alipokaa kati yake na Fatma, akasema tangu hapo hajaziacha zile tasbihi hata usiku mmoja. Mtu mmoja akamwuliza kama hata usiku wa Siffin hakuziacha. Siffin ilikuwa mwaka wa 37, miaka 26 tangu Fatma afe, na usiku ule watu walipigana mpaka alfajiri. Ali akamjibu kwamba hata usiku wa Siffin.